Kengele Ipi, Adhana Ipi?

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipotoa maelezo polisi kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mtaani kwetu Tanga kulikuwa na mama aliyeuza chai na maandazi barazani kwake, na alfajiri moja mtungi wake wa gesi ukaibwa. Mimi nilikuwa macho kwa sababu ya mitihani ya kidato cha sita. Nilisikia adhana, nikainua macho kutoka kwenye daftari, nikamwona dirishani kijana mmoja wa mkokoteni wa maji akipita upesi na kitu begani. Niliwaambia hivyo majirani, kisha nikamwambia mjumbe, kisha nikamwambia askari aliyekuwa akiandika: ilikuwa saa kumi na moja na nusu, adhana ilikuwa imetoka, na nina hakika ni yeye. Nikaweka sahihi.

Kijana alilala mahabusu siku mbili. Aliyemtoa ni mzee mmoja jirani, mtu wa msikitini, na alimtoa kwa swali moja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, adhana ipi?" Sikumwelewa. Akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisikia kila siku bila kulijua: msikiti wetu ulikuwa ukiadhini mara mbili alfajiri, na adhana ya kwanza ilitoka karibu saa nzima kabla ya ya pili. Mama wa maandazi aliuona mtungi wake saa kumi na moja, alipofagia baraza. Kama nilisikia adhana ya pili, kijana alipita baada ya hapo na huenda ndiye mwizi. Kama nilisikia ya kwanza, alipita mtungi ukiwa bado upo, akielekea sokoni kushusha magunia, kama alivyosema yeye mwenyewe tangu mwanzo. Nilijaribu kukumbuka ilikuwa ipi. Sikuweza. Mpaka leo siwezi.

Tangu siku hiyo nasoma habari za mashahidi. Wengine husoma kesi za zamani ili wamjue muuaji. Mimi nawatafuta wenzangu, watu waliokuwa wakipita tu, wakasikia kengele, wakaona mgongo wa mtu, kisha wakaambiwa waape. Hakuna kesi niliyoirudia mara nyingi kama ya Annie Chapman, aliyeuawa London tarehe 8 Septemba 1888, wakati wa Malkia Victoria. Muuaji wake hajajulikana hadi leo, na jina la kubuni alilopewa na magazeti limekuwa biashara ya vitabu na filamu. Mimi kinachonishika ni kitu kidogo zaidi. Watu wanne walizungumzia muda usiozidi saa mbili katika ua mmoja, wote kwa kiapo, na maneno yao hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja.

Nitataja saa kwa Kiswahili, maana kisa chote kimekaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, muda ambao kila aliyelelewa na adhana au jogoo anaujua: mtu anaonekana, lakini uso wake bado.

Annie Chapman alikuwa na umri wa miaka 47 hivi. Alikuwa ameolewa na mwendesha magari ya farasi wa matajiri, akazaa naye, na binti yao mmoja alifariki mwaka 1882 akiwa na miaka kumi na miwili. Ndoa ikavunjika. Mume aliendelea kumpelekea shilingi kumi kwa wiki, hadi naye alipofariki mwishoni mwa mwaka 1886. Baada ya hapo Annie aliishi kwa kufuma vitambaa, kuuza maua, na pale mambo yalipokuwa magumu zaidi, kwa kwenda na wanaume. Alilala katika nyumba za kulipia kitanda kwa usiku mmoja, mtaa wa Dorset. Usiku ule hakuwa na pesa ya kitanda. Kwenye saa 7:45 za usiku alimwambia msimamizi asimpe mtu mwingine kitanda chake, kwamba angerudi na pesa, akatoka. Alikuwa mgonjwa, daktari aliyeufanyia uchunguzi mwili wake alikuta mapafu yenye maradhi ya siku nyingi na dalili za mtu aliyekosa chakula kwa muda mrefu.

Nyumba namba 29 katika mtaa wa Hanbury ilikuwa na wapangaji kumi na saba. Ukiingia mlango wa mbele unapita ukumbi mwembamba na kutokea uani kwa mlango wa nyuma. Milango yote miwili haikuwa ikifungwa usiku, kwa kuwa wapangaji walitoka kwenda kazini saa tofauti. Kutoka mlango wa nyuma unashuka vidato vichache vya mawe. Kushoto kwako, kati ya vidato na uzio wa mbao unaoutenga ua huu na wa namba 27, kuna nafasi ndogo. Hapo ndipo John Davis, mmoja wa wapangaji, alipomkuta Annie akiwa amekufa, muda mfupi kabla ya saa 12 asubuhi. Davis aliujua wakati kwa sababu kengele ya kanisa la Spitalfields ilipiga saa 11:45 alipokuwa akiamka, akanywa chai, akashuka.

Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, kifo kama hicho kilichunguzwa hadharani na ofisa maalumu wa vifo, akiwa na raia walioketi kama wazee wa baraza. Ofisa huyo alikuwa Wynne Baxter. Kazi yake haikuwa kumhukumu mtu. Alipaswa kueleza nani amekufa, wapi, lini na kwa namna gani. Lile "lini" ndilo lililomtoa jasho.

Shahidi wa kwanza ni daktari wa polisi, George Bagster Phillips. Alifika uani kama saa 12:30 asubuhi, akaugusa mwili, akaona umepoa isipokuwa ndani ya tumbo, na viungo vimeanza kukakamaa. Maoni yake: mwanamke huyu alikuwa amekufa angalau saa mbili zilizopita, pengine zaidi. Yaani saa 10:30 au kabla ya hapo.

Wa pili ni John Richardson, mchukuzi wa sokoni. Mama yake mjane alipanga sehemu ya nyumba ile na kuendesha kazi ya kutengeneza masanduku ya mbao. Kwa kuwa waliwahi kuibiwa vifaa, Richardson alikuwa na desturi ya kupita siku za soko akielekea kazini, ili atazame kama kufuli la stoo ya chini liko salama. Alisema alifika kati ya saa 10:45 na 10:50. Alikaa kwenye kidato, akakata kipande cha ngozi kwenye buti lililokuwa likimbana kidole, akaenda zake. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Kama mwili ungekuwapo, alisema, asingekosa kuuona.

Wa tatu ni Albert Cadosch, fundi seremala wa namba 27. Alitoka uani kwake kama saa 11:20. Alipokuwa akirudi ndani alisikia sauti ya mtu ikisema "Hapana," ikitoka upande ambao hakuwa na uhakika nao kabisa, ila alidhani ni ua wa namba 29. Dakika tatu au nne baadaye alitoka tena, akasikia kitu kama kikiangukia uzio. Hakuchungulia. Alipopita kanisa la Spitalfields akielekea kazini ilikuwa yapata saa 11:32.

Wa nne ni Elizabeth Long, aliyekuwa akienda sokoni. Alipofika mtaa wa Hanbury kengele ya kiwanda cha bia ilikuwa imepiga saa 11:30. Alimwona mwanamke na mwanamume wamesimama wakizungumza karibu na namba 29. Mwanamke alimwelekea yeye; mwanamume alimpa mgongo. Alisikia mwanamume akiuliza, "Utakubali?" na mwanamke akajibu, "Ndiyo." Baadaye alipelekwa mochwari, akaonyeshwa mwili, akasema ana hakika ndiye.

Sasa zipange saa hizo. Kwa daktari, Annie amekufa kabla ya saa 10:30. Kwa Richardson, ua ulikuwa mtupu saa 10:50. Kwa Cadosch, kuna mtu anasema "Hapana" saa 11:20 na anguko dakika chache baadaye. Kwa Elizabeth Long, Annie yuko hai mtaani saa 11:30, wakati Cadosch ameshausikia mwili ukigonga uzio.

Nilipoisoma orodha hii mara ya kwanza nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hukifanya: nilimpa daktari haki. Ana elimu, ana miaka mingi kazini, hana sababu ya kutafuta umaarufu. Wengine ni mchukuzi, seremala na mwanamke wa sokoni. Hata polisi walielekea huko. Ripoti yao ya Oktoba mwaka ule ilisema kwamba kama daktari yuko sahihi, ushahidi wa Elizabeth Long hauna budi kutiliwa shaka.

Lakini cheo cha shahidi ni jambo moja, na kipimo alichokitumia ni jingine. Phillips alitumia mkono. Leo wataalamu hupima joto la mwili kwa kipimajoto, huingiza uzito wa maiti, nguo zake na baridi ya mahali, na bado njia inayotumika sana inakubali kosa la takriban saa 2.8 kila upande. Chukua saa 12:30, ondoa saa mbili, kisha weka kosa hilo: kauli ya daktari inaweza kubeba saa 10:30, na inaweza kubeba saa 11:30 bila kuvunjika. Na Phillips mwenyewe aliacha mlango wazi. Aliongeza mbele ya Baxter kwamba asubuhi ile ilikuwa na ubaridi, na kwamba mwili uliopoteza damu nyingi hupoa upesi zaidi. Wanaomnukuu kama mwamba huiacha sentensi hiyo. Kwangu mimi ndiyo inayomfanya aaminike: alijua mkono wake unaishia wapi.

Richardson ni mgumu zaidi. Asubuhi ile ile, kabla ya saa moja, alizungumza na Inspekta Joseph Chandler ukumbini. Alimwambia alifika mlango wa nyuma, akatazama upande wa stoo, akaondoka. Hakutaja buti wala kisu. Siku nne baadaye, kwa kiapo, akawa amekaa kwenye kidato akikata ngozi. Baxter alimtuma nyumbani akakilete kisu hicho. Akarudi na kisu cha mezani, na baadaye ikabidi aeleze kwamba hakikuwa na makali ya kutosha, hivyo aliazima kingine sokoni kumalizia kazi.

Hadithi inayoongezeka kila inaposimuliwa hututia wasiwasi, na ni haki. Tena lipo suala la mlango. Ulifungukia upande wa kushoto, upande wa maiti. Chandler alikubali kwamba kama Richardson hakushuka vidato, mlango ungeweza kumficha mwili. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kama alikaa au alisimama, na kukaa ndiko kulikochelewa kutajwa.

Hata hivyo jiulize alichopata kwa kuongeza. Ua umepakwa damu, mtaa mzima unamtafuta mtu mwenye kisu, naye anajitokeza mbele ya umma na kusema: nilikuwa hapo, peke yangu, gizagiza, na kisu mkononi. Mtu anayedanganya kwa kawaida hujitoa matatani. Naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba asubuhi ya kwanza, mbele ya askari na maiti, aliogopa kutaja kisu, kisha akaona heri aseme. Lakini siwezi kuithibitisha imani hiyo. Najua tu kwamba kauli mbili za mtu mmoja zikitofautiana, ile ya pili si lazima iwe ya uongo, na ile ya kwanza si lazima iwe kamili.

Cadosch ndiye shahidi ninayemheshimu kuliko wote, na sababu ni yale asiyoyasema. Alikuwa na nafasi ya kuwa mtu mashuhuri wa London nzima. Uzio wenyewe haukufika mita mbili. Angeweza kudai kwamba aliona kofia, kivuli, chochote. Alisema hakutazama. Alipoulizwa kwa nini, alieleza kwamba wale watengeneza masanduku wa jirani walizoea kugonga uzio, hivyo sauti ile haikumshangaza. Alisema hana hakika kama neno "Hapana" lilitoka ua ule. Alikiri ujinga wake katika kila hatua, na kilichobaki baada ya kukiri ni kidogo lakini kigumu: kitu kiligonga uzio. Kama Annie alikuwa ameshakufa tangu saa 10:30, basi mtu mwingine aliugonga uzio ule akiwa hatua chache kutoka kwenye maiti, na hakupiga kelele.

Anabaki Elizabeth Long, ambaye wengi humpenda kwa kuwa ndiye peke yake aliyemwona mwanamume. Huyu ndiye ninayemwogopa, kwa sababu ananifanana. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka maswali ambayo wanafunzi wa sheria bado wanayakariri kuhusu shahidi anayesema amemtambua mtu: alimwangalia kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alikuwa akimfahamu kabla? Mahakama ilisema wazi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine. Mpeleke Elizabeth Long kwenye maswali hayo. Alipita tu, bila kusimama. Alipoulizwa kama si jambo la ajabu kuona mwanamume na mwanamke wamesimama pale saa ile, alijibu kwamba huwaona wengi kila asubuhi. Yaani hakuwa na sababu yoyote ya kuwatazama. Mwanamke yule hakuwa akimfahamu. Na siku chache baadaye, baada ya mji mzima kusikia habari za mauaji, alionyeshwa mwili mmoja tu na kuulizwa kama ndiye.

Kuhusu mwanamume, alisema hakuuona uso wake. Kisha akaendelea: alikuwa mweusi wa sura, ana zaidi ya miaka arobaini, amevaa kofia ya kahawia ya wawindaji na, nadhani, koti jeusi, na alionekana kama mgeni. Umri wa mgongo huonekanaje? Na ugeni wa mgongo je? Kuna maneno katika ushahidi yanayotoka machoni, na kuna yanayotoka mtaani. Tangu mwaka 1881 Wayahudi waliokimbia mashambulizi katika himaya ya Urusi walikuwa wakimiminika katika mitaa ile ya mashariki mwa London, na pale "mgeni" lilikuwa neno la kila siku kwa mtu wa aina moja. Simshutumu mama huyu kwa uongo. Nasema tu kwamba aliuona mgongo, na mtaa ukamsaidia kuuwekea sura.

Jambo hilo limewahi kupimwa. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja waliliuliza kuhusu kasi ya magari "yalipogongana", jingine kuhusu kasi "yalipopondana". Baada ya wiki wakawauliza wote kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika. Kati ya watu 50 walioulizwa kwa neno la kwanza, 7 walisema waliviona. Kati ya 50 wa neno la pili, 16. Hakuna aliyedanganya. Neno moja la muulizaji liliingia kwenye kumbukumbu na kukaa humo kama mwenyeji.

Baxter alifanyaje? Katika majumuisho yake ya tarehe 26 Septemba aliwachagua watu wa mtaani. Alisema si ajabu kukuta makosa madogo ya saa, na kwamba kama Cadosch alikosea robo saa tu, ugomvi wa ushahidi unakwisha. Inapendeza. Lakini Cadosch ndiye aliyekuwa amepita kanisa saa 11:32, ambalo kengele yake Davis naye aliitumia. Ukimsogeza robo saa, inabidi uisogeze safari yake nzima ya kazini. Wapo waliopendekeza kinyume chake: kwamba Elizabeth Long alisikia kengele ya kiwanda ikipiga robo, yaani saa 11:15, akadhani ni nusu. Hapo kila kitu kinaingia mahali pake. Saa 11:15 wanazungumza mtaani, saa 11:20 kuna "Hapana", kisha anguko, na saa 11:32 Cadosch yuko kanisani.

Niliposoma pendekezo hilo moyo uliniruka. Kengele ipi? Lilikuwa swali la mzee wangu kabisa. Kwa wiki nzima niliamini kwamba fumbo limetatuka. Kisha nikajishtukia. Mzee aliniuliza adhana ipi ili nikubali kwamba sijui. Mimi nilikuwa nikimwuliza Elizabeth Long kengele ipi ili nimpe jibu ninalolitaka, akiwa kaburini, asiweze kunikatalia. Mashahidi watatu wakipatana baada ya wewe kumrekebisha mmoja, umepata mashahidi wawili na maoni yako.

Ninachoweza kukisimamia ni hiki. Huenda Annie Chapman alikuwa hai baada ya saa 10:50, kwa sababu Richardson hakupata faida yoyote kwa kujiweka pale na kisu. Huenda alikufa karibu na saa 11:20, kwa sababu Cadosch alisema machache kuliko alivyoweza kusema. Neno la daktari halikatai hilo. Kuhusu mwanamume aliyesimama mtaani, hatuna kitu ambacho kingestahili kumfunga mtu hata usiku mmoja.

Na kulikuwa na mtu aliyefungwa. Kabla ya kifo cha Annie, uvumi ulishazagaa kuhusu mtu aitwaye Aproni ya Ngozi, anayewatisha wanawake wa mitaani. Asubuhi ile, uani pale, ikakutwa aproni ya ngozi, imelowa. Ilikuwa ya John Richardson. Mama yake ndiye aliyeifua na kuiacha karibu na bomba. Lakini lisemwalo lipo, watu husema, na kama halipo laja. Tarehe 10 Septemba polisi walimkamata John Pizer, fundi viatu Myahudi, aliyekuwa amejifungia kwa ndugu zake akiogopa kuuawa na watu. Akajitokeza shahidi aliyedai kwamba alimwona mwanamume akimtishia mwanamke mtaa wa Hanbury alfajiri ile. Pizer akapangwa mstarini pamoja na wanaume wengine, na shahidi akaenda moja kwa moja akamshika yeye. Hakusita.

Baada ya kumhoji kwa kirefu polisi waliona shahidi huyo haaminiki. Kilichomwokoa Pizer ni moto. Usiku wa mauaji yaliyotangulia, ya tarehe 31 Agosti, bandari ya London ilikuwa ikiungua, naye alikuwa mbali, kaskazini mwa mji, akiutazama mwanga wake angani na kuzungumza na askari. Tarehe 12 Septemba alisimama mbele ya Baxter, hadharani, ili jina lake lisafishwe. Fikiria kama usiku ule kusingekuwa na moto, au kama askari yule angekuwa mtu wa kusahau. Upande mmoja kungekuwa na fundi viatu asiye na la kusema ila "nilikuwa nimelala", na upande wa pili mtu mwenye hakika.

Kijana wa mtaani kwetu naye alisema alikuwa njiani kwenda sokoni, na upande wa pili nilikuwapo mimi, mwenye hakika. Mwizi wa mtungi hakupatikana. Kijana alirudisha mkokoteni kwa tajiri wake, akahama mtaa kabla mwezi haujaisha. Hakunilaumu, wala hakunisalimia.

Kuna jambo sikumwambia mzee siku ile. Alipoondoka nilikaa nikajaribu kukiona tena kile kitu begani, na nikagundua kwamba sikukiona peke yangu hata mara moja. Nilipoanza kuwaeleza majirani nilisema nimemwona kijana akipita. Mtu mmoja akauliza, "Akiwa na mtungi?" Nikafikiri. Na kuanzia hapo begani pakawa na kitu.

Sikurudi kituoni kurekebisha maelezo yangu. Kijana alikuwa ameshatoka, mitihani ilikuwa wiki ile, na nilimwonea haya yule askari. Pengine karatasi ile bado iko kwenye jalada, na chini yake sahihi yangu ya kidato cha sita. Kama ningeandika upya leo, ingekuwa fupi. Nilikuwa nasoma. Nilisikia adhana, sijui ilikuwa ya kwanza au ya pili. Mtu alipita dirishani, kulikuwa bado na giza, nikadhani ni kijana wa maji kwa sababu yeye ndiye hupita hapo. Sikuuona uso wake. Kama alibeba kitu, sikumbuki.